Chiriku Ndani ya Mche

4 Februari

Kwako wifi,

Pokea salamu zangu na za Mama. U hali gani huko? Miguu je, bado inavimba ukisimama sana? Mimi mzima. Mama naye mzima, ila lile goti lake limegeuka redio, linatangaza mvua kabla haijafika. Simu zangu hupokei, nami nimechoka kuongea na yule mwanamke wa mteja hapatikani, kwa hiyo nimenunua karatasi na bahasha. Barua hata usipoijibu, najua utaisoma.

Karakana iko vile vile ulivyoiacha. Oveni ni ile ile, mlango wake haufungi mpaka uupige teke la upole. Fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara bado anachukua vifungo vyetu, na wateja wapya bado wanauliza tunachora kwa brashi gani. Juzi alikuja mama mmoja akashika kifungo chenye ua, akanibishia kabisa kwamba limechorwa. Ikabidi nimtolee mche mzima. Nikamweleza kwamba ni udongo wa plastiki wa rangi rangi, tunaupanga kipande kwa kipande mpaka unakuwa mnene kama mche wa sabuni, na lile ua linapita ndani kutoka kichwa hadi kichwa. Nikakata slesi moja mbele yake, ua. Nikakata nyingine, ua. Akanunua vya gauni zima.

Lakini sikukuandikia habari za wateja. Nataka habari za yule ndege wetu wa udongo. Ulipoondoka ulimchukua, nami sikuuliza kitu kwa sababu msiba ulikuwa bado mbichi. Unakumbuka tulivyomtengeneza kwa utani, kwa vile mtaa mzima walimwita kaka yangu Chiriku kwa kutokufunga mdomo. Tulitaka vifungo vya shati lake jipya vimcheke kifuani. Wewe ulikuwa umemaliza ndege, mimi nilibakiza kumzungushia bluu ya anga, ndipo kaka akaugua, na hakukaa.

Bluu ipo, nimeifunika vizuri. Udongo usiookwa unavumilia, lakini nao una mwisho wake, ukiachwa sana unakauka na kumeguka. Sitaki Chiriku ameguke. Na mche mkubwa namna ile unataka mikono minne, wewe upande huu na mimi upande ule, tuubane taratibu mpaka urefuke na ndege apungue bila kupinda. Njoo tummalize.

Wifi yako


2 Machi

Kwako dada,

Nashukuru kwa barua. Miguu ni nafuu. Mpe Mama pole ya goti, mwambie asilale karibu na dirisha.

Nimepata kazi kwenye chumba cha kufulia nguo cha hospitali. Tunakunja mashuka siku nzima. Ni kazi ya joto lakini haina mawazo, na ndivyo ninavyotaka kwa sasa. Nimepanga chumba kimoja juu ya duka la vitabu, kina dirisha la kutazama barabara na meza ndogo ninayopigia pasi.

Ndege ninaye. Yuko ndani ya kopo la biskuti, kwenye karatasi ileile uliyomfungia. Sijalifungua kopo tangu nifike. Naliona kila asubuhi, linatosha.

Dada, usinisubiri. Karakana ile kila kitu ndani yake alikitengeneza yeye, meza, rafu, kile kibao cha kukatia. Sijui nitasimama wapi nisimwone. Na ukweli ni kwamba mimi kwenu niliingia kwa mkono wake. Yeye hayupo, sijui sasa mimi ni nani wenu. Tafuta mtu mwingine wa kukusaidia kubana.

Aliyekuwa wifi yako


11 Machi

Kwako wewe mwenye kuniudhi,

Hujambo? Mimi sijambo, ila nimesoma ile sahihi yako mara mbili nikadhani nimefungua barua ya jirani. "Aliyekuwa" ndiyo nini? Uwifi si kazi ya mkataba. Nilikuvumilia ulipokuwa unanimalizia mafuta ya nywele, leo ndiyo unaniachisha? Mama nimemsomea barua yote, hapo mwisho nikapasoma "wifi yako" na kuendelea mbele. Usinifanye niwe mwongo kwa mama yangu tena.

Tafuta mtu mwingine, unasema. Haya, nimejaribu mwenyewe. Nilichukua kipande cha ile bluu yetu, nikanunua udongo mweupe na wa njano mpya kabisa dukani, nikatengeneza chiriku wangu. Kabla ya kumbana alikuwa ndege mzuri, naapa. Nikambana peke yangu, nikizunguka meza kama mtu anayefukuza kuku. Mche ukarefuka, nikafurahi. Nikauacha upoe, nikakata vichwa viwili vya mche vilivyopinda, nikasema sasa twende kwenyewe.

Slesi nimeiweka humu kwenye bahasha, imeshaokwa, haitavunjika. Tazama mwenyewe. Jicho limeshuka shingoni. Mdomo umekwenda mgongoni. Fundi cherehani ameniuliza kama huyu ni bata aliyegongwa na gari. Nimekata mche wote nikitumaini mbele atanyooka, na wewe unajua vile nilikuwa najidanganya, maana alivyo kwenye slesi ya kwanza ndivyo alivyo hadi ya mwisho. Sasa nina rundo zima la vilema na sijui nilikosea wapi.

Niambie kosa langu. Hilo tu.

Wifi yako, utake usitake


29 Machi

Kwako dada,

Habari za hapo? Mama je, na redio yake?

Nilifungulia bahasha yako kazini, na lilikuwa kosa. Slesi ilidondoka juu ya mashuka masafi, nikaiokota, nikaitazama, nikacheka mpaka msimamizi akaja kuuliza kuna nini. Nikampa tu ile slesi, naye akacheka. Sijacheka hivyo tangu msiba, dada. Baadaye nilikwenda chooni nikalia kidogo, lakini kilikuwa kilio chepesi.

Kosa lako ni hili. Bluu ni ya zamani, imekauka kidogo. Nyeupe na njano ni mpya, bado zina mafuta mengi. Ukibana, kilicho laini kinakimbia na kigumu kinabaki pale pale, ndiyo maana jicho limehama. Lazima rangi zote ziwe na ulaini sawa. Laza udongo mpya katikati ya karatasi nyeupe, uwekee vitabu vizito juu, karatasi itanyonya mafuta. Halafu bonyeza kidole gumba kwenye kila rangi. Kikizama sawasawa kote, ndipo uanze. Nilikuwa nafanya hivyo kila mara, wewe ulikuwa unadhani nachezea tu karatasi.

Nilipomaliza kufikiria hayo nikafungua kopo. Yupo mzima. Amekuwa mgumu, nikamfunga ndani ya nailoni nikamweka kwapani wakati napiga pasi, akaanza kurudi. Mkia una ufa mdogo sana. Sikuuona vizuri, nikashuka naye kwa fundi saa ambaye ana meza yake mlangoni pa duka la vitabu, akaniazima ile lenzi anayobandika jichoni. Akatazama na yeye. Ni mtu asiye na maneno. Alisema tu kwamba aliyetengeneza jicho hili ana mkono mtulivu. Ufa nimeuziba.

Nasikitika kwa ile sahihi.

Wifi


10 Aprili

Wifi yangu,

Hapo sasa. Sisi wazima kabisa, na barua yako nimeisoma kwa Mama kuanzia juu hadi chini bila kuruka kitu. Mama anasema ule vizuri, usiache kula kwa sababu ya kazi.

Ya karatasi na vitabu nimeyafanya. Nimeiponda ponda ile bluu yetu mpaka ikarudi, nikaipimia kidole gumba kama ulivyosema, inazama kama siagi ya asubuhi. Iko tayari kabisa. Kilichobaki ni wewe kupanda basi na ndege wako. Kibao cha kukatia nimekifunika kitambaa, hutakiona kama hutaki kukiona.

Sasa tuje kwenye jambo lingine. Huyo fundi saa. Umetumia mistari miwili kunieleza ufa na mistari mitano kunieleza yeye, halafu unaniambia ni mtu asiye na maneno. Asiye na maneno anaandikwa sana hivyo, mwenye maneno je? Nakutania tu, usinune.

Wifi yako


3 Mei

Kwako wifi,

Salamu kwako na kwa Mama. Mimi nina afya, lakini barua hii nimeichana mara kadhaa kabla ya kuiandika hii unayoisoma.

Hukukosea. Amenitaka nimuoe. Hapana, nimeandika vibaya kwa wasiwasi, ameomba anioe. Ni mjane kama mimi, mtu wa makamo, mpole. Hakusema kwa mzunguko. Alikuwa anairudisha saa ya ukutani ya chumba cha kufulia, akaiweka mezani na kusema, "Ningependa tuzeeke pamoja, kama huna neno." Kisha akasubiri, kama anavyosubiri saa ianze kutembea.

Sijamjibu. Nilimwambia kuna watu ninaopaswa kuwauliza kwanza, naye hakuuliza ni akina nani. Akaitikia kwa kichwa tu.

Watu wenyewe ni wewe na Mama. Wazazi wangu unajua hawapo. Nyinyi mkisema hapana, nitamwambia hapana na sitawachukia. Mkisema ndiyo, nina hofu nyingine, na ndiyo inayoninyima usingizi. Nikishakuwa mke wa mtu mwingine nitakuwa sina sababu ya kukuita wifi. Nimepoteza mume, dada. Nikikupoteza na wewe sijui nitaegemea wapi.

Alijitolea kunisaidia kumbana ndege, nikakataa. Nilimwambia hiyo kazi ina mwenyewe. Hakukasirika.

Nasubiri jibu lako.

Wifi yako, kwa sasa


20 Juni

Kwako dada,

Natumaini mu wazima wote.

Nimesubiri Mei yote, na Juni nayo inaisha. Kila mleta barua alipopita nilishuka ngazi. Sitashuka tena. Nimeelewa, na kama nilivyoahidi, sina kinyongo. Ni mengi kumwomba mtu ambaye kaka yake hajamaliza hata miaka miwili.

Ndege ni wenu. Alitengenezwa kwa ajili ya kaka yako na ni haki arudi kwenye karakana yake. Nimemfunga vizuri ndani ya kopo, na Ijumaa nampeleka posta. Ukimpata, mbane wewe na mtu unayemwamini. Usisahau kidole gumba.

Mbusu Mama kwa niaba yangu.

Mimi


24 Juni, kwa mkono wa dereva wa basi

Wifi,

Salamu baadaye. Usimpeleke posta. Kama umeshampeleka, rudi ukamdai, lia mbele ya dirisha lao kama inabidi. Umesahau lile gari lao linavyokaa juani mchana kutwa? Litamwoka kabla hajafika, nusu mbichi nusu kavu, na hapo hakuna wa kumbana tena. Nimempa dereva barua hii kwa sababu anafika kabla ya posta, na nimemwambia asipokupata mlangoni akakuulizie kwa fundi saa.

Sasa keti unisikilize.

Barua yako ya Mei iliniumiza. Sitaki kukuficha. Niliisoma nikaikunja nikaiweka ndani ya sanduku la vifungo, nikaenda kukata slesi kana kwamba sijaisoma. Nilikuwa na hasira na sikujua nimkasirikie nani. Wewe hukufanya kosa. Fundi saa hakufanya kosa. Nikamkasirikia kaka yangu kwa kufa, kisha nikajionea aibu. Kila nikishika kalamu naona nikiandika ndiyo nitakuwa nimemzika mara ya pili, na nikiandika hapana nitakuwa nimekuzika wewe. Nikaacha kuandika. Kukaa kimya hakukuwa jibu, kulikuwa ni kushindwa.

Mama ndiye aliyeuliza mbona barua zako zimekatika. Nikamsomea zote mbili, ya Mei na hii ya juzi. Nilitegemea atalia. Akavua miwani, akaifuta na ncha ya kanga yake, akaniambia, "Mwanangu ndiye aliyemuoa. Kaburi halijamuoa." Halafu akaniuliza kwa nini nimemkalisha mtoto wake ngazini muda wote huo. Mtoto wake, alisema, siyo mkwe.

Kwa hiyo jibu ni ndiyo. La Mama na langu. Kwangu lilichelewa kwa sababu mimi ni mzito wa moyo, siyo kwa sababu halikuwepo.

Na ya ndege ni hivi. Nilikuwa nang'ang'ania uje hapa tumbane kwenye meza yake, kumbe nilikuwa nataka mambo yarudi kama zamani, mimi upande huu na wewe ule, na yeye pale mlangoni anatupigia kelele. Hayarudi. Dereva amekuletea mfuko wenye barafu, ndani yake mna bluu, imepimwa kidole gumba asubuhi hii. Mzungushie ndege wako mwenyewe. Kisha mwambie fundi saa asimame upande wangu.

Mwambie asibane kwa ncha za vidole, watu wa saa wana tabia hiyo. Abane kwa kiganja kizima, aanze katikati aende nje, na akikuona unageuza mche na yeye ageuze. Na asikae kimya. Kazi ile haijawahi kufanywa kimya na hatuanzi leo.

Wifi yako, bila "kwa sasa"


9 Agosti

Wifi yangu,

Hamjambo? Sisi hatujambo. Ona nilivyoandika, "sisi".

Barua yako na mfuko vilinikuta ngazini siku ya Alhamisi, kopo likiwa tayari limefungwa kamba. Ningechelewa kidogo tu kusoma, ningekwenda. Nililia pale pale na dereva akadhani ameleta habari mbaya, akawa ananipa pole.

Sikuharakisha. Niliizungusha bluu kwanza, nikaibonyeza ikakaa bila kuacha upepo ndani. Mche ukawa mnene kama paja la mtoto. Jumapili, duka la vitabu limefungwa, tukaiweka meza katikati ya chumba. Nikamweleza yote uliyosema, kiganja, katikati, kugeuza. Alisikiliza kama mtu anayefundishwa saa ya aina mpya. Akanawa mikono, akapandisha mikono ya shati, akasimama upande wako.

Nikamwambia azungumze. Akauliza azungumze nini. Nikasema chochote, ndivyo tunavyofanya sisi. Akabana kwa muda akifikiri, kisha akaanza kunisimulia kuhusu mkewe, vile alivyokuwa anazisogeza mbele saa zote za nyumbani ili mumewe asichelewe kazini. Sikuwahi kumsikia akimtaja. Na mimi nikamsimulia Chiriku, yale ya kuuza kiti huku mteja amekikalia, na ya kugombana na redio. Tukazungumza wote wawili mpaka mche ukaanza kurefuka mezani, na sikuona saa zikienda. Alicheka mahali pale pale ambapo wewe hucheka.

Mche umekuwa mrefu kuliko mkono wangu. Nimeuacha upumzike, nikaukata katikati bila kutazama ndani, na hata vichwa sijavikata. Nusu moja nimebaki nayo. Nusu yako anakuletea nesi mmoja anayekuja huko kikazi, iko kwenye barafu. Sitakwambia ndege ametokaje kwa sababu mimi mwenyewe sijui bado. Nilitaka wewe ndiye umwone wa kwanza, na Mama awepo. Katia kwenye kile kibao cha Chiriku.

Harusi ni ndogo, mwisho wa Septemba. Gauni langu lina vifungo mbele kutoka shingoni hadi kiunoni, na fundi ameyaacha matundu wazi.

Wifi yako


21 Agosti

Wifi yangu,

Sisi wazima, na nakuandikia vidole vikiwa bado na bluu.

Nesi alifika saa ya chai. Niliondoa kitambaa kwenye kibao cha kaka, nikauweka mche kwenye mfereji wake, ukaenea kana kwamba aliupimia. Mama akavuta kiti karibu. Nikakata kichwa kilichopinda, nikatupa. Nikafuta wembe, nikaufuta tena. Kisha nikakata slesi ya kwanza na sikuitazama. Nilimpa Mama.

Aliigeuza kwenye mwanga. Akavaa miwani. Akakaa nayo sana, nikadhani jicho limehama tena.

"Huyu mdomo mliufunga au mliuacha wazi?" akauliza.

Nikamwambia tuliufunga, nakumbuka vizuri, wewe uliuchonga ukiwa umefungwa. Nikainama kutazama. Jicho liko mahali pake, mkia uko mahali pake, bawa limenyooka. Ni mdomo tu. Mahali fulani katika kule kubana kwa mikono yako na ya mwenzako, umeachana kidogo na bluu imeingia katikati. Nikakata nyingine, uko wazi. Nikakata katikati kabisa ya mche, uko wazi. Wifi, anaongea. Anaongea kutoka kichwa hadi kichwa.

Mama alicheka mpaka akashika goti. "Basi ni yeye," akasema, na akaiweka ile slesi ndani ya mkoba wake wa dawa, mbichi vile vile. Imebidi nimnyang'anye nikaioke.

Nusu yako usiikate, iache ikae nzima ndani ya kopo lako. Vya gauni nimeshavikata kwenye nusu yangu, viko kwenye oveni, mlango nimeupiga teke. Tunakuja navyo mkononi, mimi na Mama, siku mbili kabla ya harusi. Mama hawezi ngazi ndefu, kwa hiyo mwambie shemeji atutafutie mahali chini.

Wifi yako